Kufunga si Kukaza

Kila Jumamosi asubuhi, akishamaliza kufua sare za shule, Mshale alivaa aproni ya bluu na kwenda karakana ya shangazi yake, nyumba ya tatu kutoka kwao. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na wenzake katika mpira wa pete kwa sababu ya mbio zake. Shangazi alitengeneza viti vya magurudumu vya watu wasioweza kutembea. Alikuwa na maneno machache, kila neno mahali pake, kama spana zake zilivyopangwa ukutani kwa ukubwa.

Katika karakana ile maneno matatu hayakuchanganywa. Kufunga ni kuzungusha nati kwa vidole mpaka ifike mwisho. Kukaza ni kuifuata kwa spana mpaka igome kabisa. Kutia alama ni kupitisha mstari mwembamba wa rangi nyekundu ya kucha juu ya nati na bolti kwa pamoja, ili siku nati ikilegea, mstari ukatike na kila mwenye macho aone. Neno la nne, "tayari," lilisemwa baada ya hayo matatu.

"Aliyefunga hajakaza," shangazi alizoea kusema, "kama vile aliyeinjika sufuria hajapika."

Jumamosi hiyo kazi ilikuwa kwenye kiti cha Fundi Saa, bibi mmoja aliyetengeneza saa katika kibanda chini ya mteremko wa barabara ya soko. Mshale alifunga nati nne za bamba la gurudumu la kushoto, akazikaza, akazitia alama. Kisha akafunga nne za kulia. Alipogeuka kutafuta spana namba kumi na tatu, haikuwepo ukutani.

"Shangazi, naomba kumi na tatu!"

"Ninayo huku uani. Subiri dakika kumi."

Wakati huohuo kichwa kilichungulia mlangoni. Alikuwa mwenzake wa timu.

"Mshale! Mechi inaanza!"

"Nakuja."

"Nakuja yako tunaijua. Wale wa mtaa wa juu wamefika zamani, wanatucheka tu."

Mshale alizitazama nati nne. Ziling'aa mahali pake. Kwa macho, hazikuwa na tofauti yoyote na zile za kushoto. Mkono wake ukachukua kile kichupa kidogo cha rangi ya kucha. Alipitisha mistari minne, imenyooka kuliko ile ya kwanza.

"Tayari, shangazi!"

Shangazi alikuja akijifuta mikono. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaona mistari minane myekundu, akatikisa kichwa kukubali. Fundi Saa, aliyekuwa akingoja kwenye benchi, alisaidiwa kukaa kitini mwake.

"Ahsante, mjukuu wangu," alimwambia Mshale. "Mimi na wewe ni mafundi wa vitu vidogo. Kidogo kikilegea, kikubwa husimama."

Mshale aliinama kufungua aproni ili asiuone uso wa bibi.

Timu yake ilishinda kwa mabao mawili, naye ndiye aliyefunga la mwisho. Wenzake walimbeba juu juu. Aliona aibu kubebwa.

Jumapili alikaa mezani kufanya kazi ya nyumbani. Mwalimu alitaka sentensi kumi, kila moja na neno lake la kumaliza jambo au kulifanya liwe imara. Kalamu ilikwenda vizuri. Mwashi alikamilisha ukuta. Mama alikomea mlango. Mgeni alihitimisha hotuba yake. Wachezaji walijifunga kibwebwe. Alipofika sentensi ya kumi, neno lililobaki kati ya yale waliyonakili ubaoni lilikuwa "kaza." Kalamu ikasimama.

Mdogo wake, ambaye nyumbani aliitwa Kasuku kwa kurudia kila alichosikia, alikuwa akimchungulia begani.

"Dada, hiyo rahisi! Andika: Dada yangu amekaza nati zote za kiti cha Fundi Saa."

"Nyamaza wewe."

"Kwani uongo?"

Mshale alifunga daftari. Aliujua ukweli wa mambo, na ukweli ule haukubembelezeka. Nati iliyofungwa kwa vidole hulegea ikitikiswa. Mteremko wa soko una mawe kutoka juu mpaka chini. Jumapili Fundi Saa hukaa nyumbani, lakini Jumatatu saa moja na nusu atashuka, na katika miaka yote hajawahi kuchelewa hata dakika moja.

Alikwenda kwa shangazi. Akakuta wageni, akarudi nyumbani na nafuu ambayo haikufika hata getini. Alasiri akaenda tena. Shangazi alikuwa peke yake.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Nimekuja... nimekuja kuomba chumvi."

Akarudi na chumvi kwenye kikombe.

"Nani kakutuma chumvi?" mama aliuliza. "Yetu imejaa kopo zima!"

Mshale aliimimina chumvi ile koponi, ikamwagika.

Jumatatu aliamka kabla ya kuamshwa. Alivaa sare, akaacha chai mezani, akakimbia kuliko alivyowahi kukimbia uwanjani. Fundi Saa alikuwa tayari juu ya mteremko, mikono kwenye magurudumu, mkoba wa vifaa mapajani.

"Bibi, simama! Usishuke!"

"Leo hakuna hata shikamoo?"

"Shikamoo, bibi. Nati za kulia sikuzikaza. Nilizifunga kwa vidole tu, halafu nikazipaka rangi."

Fundi Saa hakuitikia. Alifungua mkoba, akatoa ile lenzi anayoiweka jichoni anapotengeneza saa, akampa.

"Macho yangu hayafiki huko chini. Tazama, unisomee."

Mshale alipiga magoti. "Ya kwanza, mstari umekatika. Ya pili, umekatika. Ya tatu iko nusu nje."

"Na ya nne?"

"Ya nne haipo, bibi."

Fundi Saa aliutazama mteremko mbele yake, mawe yake na lori lililokuwa likipanda. Kisha akasema taratibu, "Marahaba. Sasa kaniitie shangazi yako. Mimi utanikuta hapahapa. Nitakwenda wapi?"

Shangazi alikuja na spana na nati mpya. Hakugomba. Alimpa Mshale spana, akasimama pembeni mpaka nati ya nne ilipogoma kabisa. Kisha akauliza, "Na viti vingine?"

"Ni hiki tu, shangazi. Kweli kabisa."

"Nami nitajuaje?"

Swali lile lilimfuata mpaka shuleni, alikofika kwa kuchelewa, na sentensi tisa badala ya kumi. Mwalimu akampa mpaka kesho yake.

Alasiri shangazi na Mshale walipita nyumba tano, kwa watu wote ambao viti vyao Mshale aliwahi kuvishika. Katika kila mlango ni yeye aliyetakiwa kueleza walichofuata. Mshona viatu mmoja alipomsikia alirudisha kiti chake nyuma.

"Basi akaze shangazi yako. Si wewe."

Nati arobaini zilijaribiwa kwa spana, moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja iliyosogea.

Waliporudi karakana, shangazi alitundika spana mahali pake.

"Nati zote arobaini zimekazwa," alisema. "Kazi yako ni nzuri, nimeihakikisha kwa mkono wangu. Lakini ilibidi niihakikishe, na hiyo ndiyo hasara. Jumamosi neno lako 'tayari' lilinitosha. Leo halinitoshi. Kazi ya nusu si kosa kubwa. Ungesema 'bado,' bibi angekaa kwenye benchi dakika kumi, basi. Ila ukiipaka rangi kazi ya nusu, umemnyima mwenzako nafasi ya kujihadhari. Alitoka hapa akiamini mstari wako."

Mshale alilia kimya.

"Nami nina kosa langu," shangazi aliendelea. "Nilitazama rangi, sikushika nati. Kuanzia leo, anayekaza siye atakayetia alama." Akakitia kile kichupa katika mfuko wa aproni yake mwenyewe.

"Utaniamini tena lini, shangazi?"

"Uaminifu ni kama nati hizi. Haukazwi kwa mkupuo. Ni robo mzunguko, kisha robo nyingine. Jumamosi uje mapema, spana itakuwepo ukutani."

Nyumbani Mshale alifungua daftari, akaandika sentensi ya kumi: Nilifunga nati, lakini sikuzikaza. Kasuku aliisoma kwa sauti mara mbili, kama kawaida yake, na safari hii dada yake hakumnyamazisha.