Sahihi ya Paskalina

Asubuhi hiyo ya mwaka 1974 Paskalina alifunga mwenyewe vifungo vitano vya gauni lake la kijani. Vilimchukua nusu saa. Alifika soko la Lushoto akitabasamu, ingawa mikono yake ilikuwa bado myembamba na yenye makovu. Basi alilopanda lilikuwa limepinduka kwenye kona za kuteremkia Mombo, likamvunja vifundo vyote viwili vya mikono. Daktari aliviunga kwa vyuma. Plasta ilikuwa imetolewa wiki mbili tu zilizopita.

"Shikamoo, mama Zuhura."

"Marahaba, mwalimu! Pole kwa kuacha kazi." Zuhura, mwanafunzi wake wa kisomo cha watu wazima, alitua kapu la mapeasi. "Tulilia darasani."

"Nani ameacha kazi?"

"Si wewe? Barua imebandikwa mlangoni. Nimeisoma mwenyewe, bila kusaidiwa! Chini pana jina lako, na ile P yenye mkia."

Paskalina alitazama mikono yake. Kwa miezi mitatu haikuwa imeshika kalamu. Mtu mmoja tu angeweza kuiga mkia ule: Nathanieli, karani wa posta, mchumba wake, aliyetunza barua zake zote.

Akaenda posta, akaipita foleni nzima.

"Malaika wangu!" Nathanieli alisimama ndani ya shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi. "Nani kakuruhusu kutoka peke yako?"

"Umeandika barua kwa jina langu?"

Akashusha sauti. "Paska, twende nyuma tukaongee."

"Hapa hapa."

"Ulikuwa unalia ukishindwa kushika kijiko. Nikaona upumzike. Nitakulea, mpenzi."

"Nilikuomba unilee? Mwaka mzima nawaambia wanafunzi wangu wasikubali kuandikiwa majina yao. Nimewashika mikono mmoja mmoja, mpaka wakaacha kutia dole gumba. Leo mwalimu wao ndiye kaandikiwa!"

"Nilifanya kwa mapenzi."

"Basi hayo mapenzi yapige simu kwa Ofisa Elimu. Sasa hivi."

"Nitafukuzwa kazi, Paska."

"Mimi umeshanifukuza."

Nathanieli alizungusha namba, kola imelowa jasho.

"Halo? Bwana Ofisa, ile barua ya mwalimu Paskalina niliiandika mimi. Ndiyo, na sahihi pia. Hapana, bwana, yeye hakujua." Akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akaiweka simu taratibu. "Jumatatu naitwa kujieleza. Wewe anataka barua ya mkono wako, leo."

"Nipe karatasi."

"Nikushikie..."

"Usiguse!"

Alibana kalamu kwa mikono miwili, akaandika: Sikuacha kazi. Narudi Jumatano. Kila herufi ilimuuma hadi begani.

"Dada, basi litatuacha!" mtu alilalamika nyuma.

"Ngoja nawe!" Zuhura alikuwa amemfuata, kapu kichwani. "Huoni mtu anaandika?"

P ilitoka bila mkia, imeinama kama kibanda kilichonyeshewa. Lakini ilikuwa yake.

Nathanieli alijifuta macho. "Na cheti chetu cha ndoa? Utakitia sahihi?"

"Nina hasira na wewe."

"Najua."

"Hujui. Nina hasira mpaka vyuma vinauma." Aliikandamiza barua kifuani kwa kiwiko. "Cheti kitangoja mpaka mkia wa P urudi. Wewe Jumatano njoo darasani, ukae benchi la mbele. Mama Zuhura atakufundisha kuandika jina lako. Lako tu."