Betri ya Kamera na Picha ya Mama

Benedikto alikuwa mpiga picha pale Nachingwea. Siku za kawaida alikaa kibandani kwake karibu na stendi, akipiga picha za vitambulisho. Siku za gulio alikwenda Ruangwa. Msimu wa korosho watu wana hela, na mwenye hela anapenda kujiangalia.

Kamera yake ilikuwa ya zamani, nzito. Watu walimtania, "Beni, wateja wakikosekana, hiyo itwangie mihogo." Beni alicheka tu. Kamera hiyo ilimlisha yeye, mkewe Winfrida na binti yao mdogo, Doreen.

Kamera ilikuwa na sindano ndogo ya kupima mwanga. Sindano iliendeshwa na betri ndogo, mfano wa kifungo cha shati. Mwaka 1999 betri ile ikafa. Beni akaagiza nyingine Dar es Salaam. Jibu likaja kwamba za aina ile hazitengenezwi tena.

Beni akafanya kama tunavyofanya na betri za redio. Akaianika juani. Sindano haikuamka. Jioni akaisogeza karibu na jiko la mkaa.

"Baba Doreen, unapika nini hapo?" Winfrida akauliza.

"Betri."

"Haya. Chumvi usizidishe."

Betri haikufufuka. Ilitoa majimaji pembeni. Beni akaitia kwenye kopo la dirishani, pamoja na wenzake waliokufa zamani.

Kesho yake fundi saa akamuuzia betri inayolingana nayo kwa ukubwa. Sindano ikaruka juu. Beni akafurahi, na furaha ile ilimponza.

Siku hizo mama yake, Bibi Valentina, alikuwa mgonjwa kule Nanganga. Moyo wake ulikuwa umechoka, na hospitali walimrudisha nyumbani. Mama huyu wa mpiga picha alikuwa hajapigwa picha hata moja. Kila mwaka alisema, "Ngoja kwanza nivune ufuta." Safari hii yeye mwenyewe alimwita mwanawe.

"Nipige sasa, nikiwa nacheka," akasema. "Sitaki ile ya kwenye jeneza. Watu wote wanalia, na mimi nimefumba macho kama sihusiki."

Akavaa kanga mpya, akakaa barazani kwenye mkeka. Beni akaangalia sindano. Akasita.

"Kuna nini?" mama akauliza.

"Macho yangu yanasema hapa pana giza, mama. Sindano inasema mwanga upo tele."

"Sasa unamsikiliza nani?"

"Sindano. Ina betri mpya."

Akapiga mkanda mzima kwa kuifuata sindano. Mama alicheka kuanzia picha ya kwanza mpaka ya mwisho, akikohoa katikati.

Mkanda ukapelekwa Mtwara kusafishwa. Kabla haujarudi, Bibi Valentina akafariki.

Bahasha ya picha ilifika siku ya maziko. Beni akaifungua watu wakimzunguka. Picha zote zilikuwa nyeusi. Kanga ilionekana. Meno yalionekana kidogo. Uso haukuwepo.

Winfrida akazipanga mkekani moja moja. "Labda hii," akasema. "Hii kama pua inaonekana." Kisha akazirudisha kwenye bahasha. Msalaba ukaenda makaburini bila picha.

Waliporudi Nachingwea, bwana afya aitwaye Seleman alikuja kuwapa pole. Seleman alikuwa mzito wa kusikia, na alivaa kifaa sikioni. Kazi yake ilimpeleka mara nyingi Namungo, kuwaeleza wachimba dhahabu hatari ya zebaki. Alimkuta Doreen uani akicheza duka. Pesa zake zilikuwa zile betri za kwenye kopo.

Seleman akamwondoa taratibu, akamnawisha mikono kwa sabuni. Kisha akamwita baba yake.

"Beni, hizi zina zebaki ndani. Ile ile ya Namungo."

"Betri ya kamera?"

"Ndiyo maana wameacha kuzitengeneza. Ukiziweka kwenye moto zinaweza kupasuka. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, lakini unaharibu ubongo na figo."

Winfrida akamtazama mumewe. "Na mimi nilikuwa nasema habari za chumvi," akasema. Hakuna aliyecheka.

"Basi nizitupe chooni," Beni akasema.

"Usitupe chooni. Zebaki haiozi, itayafuata maji. Shimo la taka pia hapana. Usizichome, usizipasue."

Seleman akavaa mfuko wa plastiki mkononi, akaokota ile iliyovuja. Akazifunga zote kwa plasta, moja moja, akazitia kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza. Juu akaandika ZEBAKI. "Nitazifungia ofisini, mbali na watoto na chakula, mpaka zipelekwe kwa wataalamu."

Beni akamwonyesha zile picha. "Na hii ya fundi saa?"

"Nguvu yake imezidi ile ya zamani. Sindano ikadhani mwanga ni mwingi kuliko uliopo. Nawe ukaubana mwanga, picha zikaingia giza. Nilikuwa na kamera kama hii chuoni, yalinikuta hayo hayo."

"Kwa hiyo macho yangu yalisema kweli."

Seleman angeweza kujifanya hajasikia. Sababu anayo, sikioni. Lakini akajibu, "Yalisema kweli."

Kisha akatoa mfukoni pakiti ya betri za kifaa chake. "Hii inatumia hewa. Nguvu yake inakaribiana na ile ya zamani. Bandua karatasi iliyobandikwa juu yake, subiri kidogo ivute pumzi. Upana wake haufikii wa ile ya zamani, kwa hiyo izungushie kipete cha waya ikae vizuri. Baada ya miezi michache itakufa, hata usipoitumia. Hii nayo usiitupe ovyo, niletee."

Siku ya arobaini Beni alirudi Nanganga na kamera. Bibi Sabaha, jirani na rafiki wa mama tangu usichana, akamwita.

"Na mimi nipige, nikiwa hai."

Akakaa barazani, kwenye mkeka ule ule, pembeni kabisa.

"Sogea katikati, bibi."

"Hapo anakaa Valentina."

Beni hakubisha. Akaangalia sindano. Akainua uso, akaangalia kwa macho yake. Vyote viwili vilisema neno moja. Akapiga.

Picha iliporudi kutoka Mtwara, uso wa Bibi Sabaha ulionekana wote, kila kunyanzi. Na pale pembeni yake, mkeka ulionekana vizuri, ukili kwa ukili, hauna mtu.