Jibu Kabla ya Sumaku

Saa nne asubuhi ukumbi wa benki ulifurika watu na foleni haisogei. Hapo ndipo kopo la pini lilipomponyoka fundi cherehani mmoja, kijana mrefu mwenye shati lililopigwa pasi hadi kwenye kola, pini zikatapakaa miguuni mwa watu. Hakubabaika. Alitoa sumaku mfukoni, akachuchumaa, akaanza kuzizoa.

"Kaka, usinisogelee na hicho kitu," alisema dada wa gauni la kijani aliyekuwa mbele yake, mkoba kaukumbatia. "Nimebeba saa nane za watu."

Alikuwa fundi saa. Foleni ilikuwa ndefu, kwa hiyo alimweleza kwamba sumaku ikiikaribia saa ya kutia ufunguo, springi yake nyembamba hunatana na saa huanza kukimbia ovyo. Walipofika dirishani, fundi cherehani alikuwa ameshapata namba ya simu na ahadi ya kutengenezewa saa yake iliyokufa. Saa yenyewe hakuwa nayo. Alitoka pale akaenda kununua mbovu.

Mapenzi hayana kificho. Muda si muda yeye akawa Pini, na fundi saa akawa Dakika. Mwezi wa nane Pini akamwomba wafunge ndoa. Dakika hakukubali, wala hakukataa.

Alikuwa na sonona, mwaka wa pili sasa. Kuna siku aliketi mezani na lenzi yake jichoni mpaka jioni bila kufungua hata saa moja. Dawa za kwanza hazikumsaidia, za pili zilimfanya mzito, ashindwe hata kushika bisibisi. "Siwezi kukujibu wakati mwenyewe sijioni," alimwambia Pini, na aliumia kusema hivyo, kwa sababu alimpenda.

Kisha daktari akamtajia tiba nyingine: mashine inayowekwa juu ya kichwa na kupeleka mapigo ya sumaku kwenye ubongo. Sumaku! Mwanamke aliyezikimbia miaka kumi na tano ndiye anaambiwa akakae chini yake. Akasema atafikiri.

Pini hakuweza kungoja. Akapiga simu kliniki akamwekea miadi ya Jumatatu bila kumwambia. Kliniki nao wakampigia Dakika kuhakikisha kama atafika. Dakika akampigia Pini.

"Pini, wewe hukata kitambaa kabla ya kupima?"

"Sikati, mpenzi."

"Basi mbona kichwa changu umekikata bila kupima?"

Simu ikakatwa, na kwa siku tisa haikupokewa. Pini alichanganyikiwa hadi akashonea koti moja mikono miwili ya kushoto, na mwenye koti hakuchekeshwa.

Siku ya kumi alikwenda dukani kwa Dakika na daftari la vipimo. Akamwambia ile miadi ameifuta, na kwamba amekosa. "Leo nimekuja kupima tu," alisema. "Nitajie unachoogopa, niandike."

Dakika alimtazama, kisha akaanza kutaja. Chini ya vipimo vya kifua na kiuno vya bibi harusi mmoja yakaandikwa maswali kumi na moja. Shangazi yake, aliyemlea, akaongeza la kumi na mbili kwa simu: je, mtoto atatusahau?

Wakaenda kwa daktari pamoja, na daktari akajibu yote. Hatalazwa usingizi, atakaa kitini akiwa macho, akisikia kama anagongwagongwa kichwani. Huenda kichwa kikauma. Kifafa hutokea kwa nadra sana, ndiyo maana anaulizwa kwanza kama aliwahi kuanguka, na kama ana chuma chochote kichwani. Kusahau watu si jambo wanalolitarajia. Angekwenda siku tano kila wiki, kwa wiki sita hivi, na angeweza kuacha siku yoyote.

"Unaniahidi nitapona?" Dakika aliuliza.

"Hapana. Wengine hupona, wengine hupata nafuu kidogo, na wengine haiwasaidii."

Jibu hilo ndilo lililomtuliza. Fundi anayeahidi kabla hajaifungua saa ni mwongo, na huyu hakuahidi. Akasema atajaribu.

Waliporudi dukani, Pini alionyesha kisanduku chenye kitufe juu ya meza, akauliza ni cha nini.

"Cha kutibu saa zilizoharibiwa na sumaku."

"Kinazitibu kwa kutumia nini?"

"Kwa sumaku," Dakika alikiri, akacheka mpaka akaushika ukingo wa meza. Pini alikuwa hajakisikia kicheko hicho kwa miezi. "Ila kichwa changu si saa, baba. Usije ukanitania huko."

Siku ya kwanza ya tiba alivaa lile gauni la kijani, ambalo Pini alilipunguza kiunoni kwa vile mwenyewe alikuwa amekonda. Kwenye benchi la kliniki alivua hereni, akavua saa, akampa azishike. Nesi akamwita jina. Dakika akasimama, hakwenda.

"Lile swali lako. Jibu ni ndiyo."

Machozi yalimtoka Pini mbele za watu. "Si ungengoja upone kwanza? Mimi sina haraka, mpenzi."

"Wewe? Huna haraka?" Alimfuta shavu kwa kidole gumba. "Najibu sasa, kabla sijaingia. Nikipona, usiseme sumaku ndiyo iliyokubali. Nisipopona, usiseme imekataa."