Wembe Mmoja kwa Watu Saba

Kila asubuhi Mwatum alitumwa boflo, na kila asubuhi alilipita duka la Mmanga bila kuingia. Duka lile lilikuwa nyumba ya pili kutoka kwao. Lakini Mmanga alikuwa wa chama kingine, na mwaka ule wa uchaguzi wa marudio watu wa mtaa wao pale Mtambile walikuwa wamegomeana. Hawakununuliana, hawakuamkiana, hata kuzikana walisusiana. Basi mtoto wa miaka kumi na mitatu alitembea mpaka barabara kuu kutafuta mkate wenye siasa inayofaa.

Jumatatu moja, alipokuwa akirudi, aliwakuta vijana wa upande wao wanavunja mlango wa duka kwa magongo. Mmanga na nduguze wakatoka na mawe. Bakar, baba yake Mwatum, alikuwa mbele kabisa, akimpiga mateke mtu aliyekwisha anguka.

"Baba, basi! Utamuua!" Mwatum alilia.

Jiwe likampata begani akaanguka. Kabla hajainuka, alimwona baba yake akipigwa gongo la mgongo mpaka akapiga magoti.

Majeruhi wa upande wao walikuwa saba, pamoja na Mwatum. Kituo cha afya hakikuwa mbali, ila Bi Thuraiya, muuguzi wa pale, alikuwa wa chama cha kina Mmanga. Bakar aliapa kwamba hakuna mtu wa nyumba yake atakayekanyaga kituo kile. Wote wakaenda kwa Mzee Abrahman, muumikaji, awatoe damu iliyovia. Mzee alimchanja mtu chale, akabandika pembe na kuivuta damu, kisha akaufuta wembe kwa kitambaa na kumwita mwingine. Mwatum alikuwa wa mwisho, nyuma ya baba yake.

"Babu, wembe huo umemchanja baba sasa hivi," alisema.

Mzee Abrahman akacheka. "Kwani damu ya baba'ko na yako si moja?" Akamchanja begani.

Si moja, na Mwatum alilijua hilo. Shuleni walikuwa wamefundishwa kwamba wembe wenye damu unaweza kupitisha virusi vya UKIMWI kutoka kwa mtu hadi mtu. Alipomweleza mama yake, Bi Mwanamize, mama alimziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza, mwanangu. Baba'ko akisikia atatuua sote."

Siku ya pili Mwatum hakwenda shule. Alikwenda kituoni peke yake.

Bi Thuraiya hakumuuliza ni mtoto wa nani. Alimjua. Mwatum alipokwisha kumweleza habari ya chale, alimuuliza wembe ulipita kwa wangapi kabla yake, na lini.

"Sita. Jana asubuhi."

"Hujachelewa. Zipo dawa za dharura za kuzuia virusi visishike mwilini. Huanzwa mapema, na zisipite siku tatu tangu damu ikuguse. Siku hizo zikipita, dawa hazitakufaa. Utameza kila siku kwa siku ishirini na nane, hata ukijiona mzima."

"Na kama wale sita hawana virusi?"

"Nani ajuaye? Mtu hatambulikani kwa kumtazama usoni. Tukingoja kujua, muda utatupita."

Akampima damu, ikaonekana hakuwa na virusi tangu awali. Kisha akatuma mtu kumwita Bi Mwanamize, maana mtoto haanzishwi dawa hivi hivi. Mama alikuja amejifunika ushungi mpaka machoni, akakubali. Mwatum akameza kidonge cha kwanza.

Maji yalikuwa bado kinywani Bakar alipousukuma mlango kwa teke. Kumbe mtu alikwisha mpelekea habari.

"Umemlisha nini mwanangu?" alinguruma. Aliipiga chupa ya dawa, vidonge vikatawanyika sakafuni. Akamshika Mwatum bega lile lile lenye chale na kumvuta. Bi Mwanamize alipomzuia, alimpiga kibao. Bi Thuraiya akajitia kati, naye akapigwa ngumi ya mdomo. Damu ikamchuruzika hadi kidevuni.

Bakar aliinua mkono tena. Bi Thuraiya alirudi nyuma, akajifunika mdomo kwa kitambaa.

"Usinisogelee, baba'ke Mwatum. Ngumi yako imechanika kwa meno yangu. Damu yangu isikuingie. Damu ya mtu haijulikani ina nini, ndiyo maana mwanao nampa dawa kwa ajili ya wembe ule wa chale. Maji na sabuni vile pale, kanawe."

Bakar aliutazama mkono wake. Alikuja tayari kwa matusi, si kwa maneno yale. Aliona haya, haya ya kweli. Akanawa, akakaa kwenye benchi.

"Wembe ule ulipita kwangu miye kabla yake," alisema polepole.

"Najua. Vua shati nikutazame."

Naye akapimwa, akapewa dawa. Kisha akauliza habari za wenzake watano. "Waje leo," Bi Thuraiya alijibu. "Mzee Abrahman naye aje, nimwambie kila mtu na wembe wake."

Bakar alikwenda kwenye baraza walipokaa wenzake hao, akawaambia waende kituoni. Walimwita msaliti, wakamchania kanzu, wakamsukuma mtaroni. Aliinuka na tope lake, akawaambia tena. Jioni wote walikuwa kituoni, na Mzee Abrahman nyuma yao.

Mwatum na baba yake walimaliza dawa bila kuruka hata siku moja. Kipimo cha mwisho, baada ya miezi mitatu, kilionyesha wote wawili ni salama. Bakar alimwomba radhi mkewe, akamwomba radhi Bi Thuraiya mbele za watu, kisha akamgeukia binti yake.

"Miye niliona bora uangamie kuliko utibiwe na mtu wa chama kingine. Chuki ilinipofua. Sikiliza, mwanangu. Ukiguswa na damu ya mtu, kimbilia kituoni siku hiyo hiyo. Usingoje ruhusa ya mwenye hasira, hata akiwa baba'ko."