Kifungo cha Fundi wa Dohani

Maie alikuwa anamenya viazi karibu na dirisha. Ghafla aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye aproni na kukimbilia nje. Heino, mumewe, hakuhitaji kuuliza kuna nini. Ilikuwa Septemba, na fundi wa dohani alikuwa amefika.

Fundi huyo aliitwa Rauno. Kila mwaka alipanda juu ya mapaa kijijini kwetu na kufagia dohani, yaani mabomba ya kutolea moshi. Nguo zake zilikuwa nyeusi, zenye vifungo vya shaba. Huku Estonia, ukigusa kifungo cha fundi wa dohani na kuomba jambo moyoni, unapata bahati. Wazee wanagusa na watoto wanagusa. Maie alikishika kifungo, akafumba macho, akakisugua taratibu. Kisha akacheka.

Heino alitazama yote kutoka mlangoni.

"Kifungo kimoja, dakika ngapi?" Heino alimuuliza mkewe baada ya Rauno kuondoka.

"Bahati haitaki haraka," alijibu Maie.

"Bahati, au Rauno?"

"Heino! Mtu mwenyewe kajaa masizi mpaka masikioni!"

"Na keki ya matofaa umempa. Kipande kikubwa kuliko changu!"

Mtu mzima, mwenye mvi, anapima vipande vya keki! Lakini wivu ulikuwa umemshika Heino, na haukumwachia. Mwaka uliofuata, kabla ya Septemba, alimpigia Rauno simu.

"Usije kwangu. Nimefagia mwenyewe."

"Umefagia mpaka juu?"

"Mpaka juu."

Ulikuwa uongo mtupu. Hata brashi hakuwa nayo.

Maie alisubiri mwezi mzima. "Rauno haji mwaka huu?"

"Nimeshafagia mimi. Mbona unamuulizia sana?"

Maie akarudi jikoni.

Theluji ikaanguka. Wakawasha lile jiko kubwa la matofali linalopasha nyumba joto. Moshi kidogo ulikuwa ukirudi chumbani. Heino alisema ni upepo. Maie naye alianza kuumwa kichwa.

"Ajabu, mume wangu. Nikienda dukani, kichwa kinapona. Nikirudi nyumbani, kinauma tena."

Maskini Maie alikuwa anataja dalili ya hatari. Heino alisikia jambo jingine kabisa.

"Dukani? Njia ya dukani si inapita kwa Rauno? Ndiyo maana unapona!"

Asubuhi moja Heino alitoka kuondoa theluji mlangoni. Alikaa nje karibu saa nzima. Aliporudi, alimkuta Maie ameinama kwenye benchi kando ya jiko. Sufu aliyokuwa akifuma ilikuwa sakafuni.

"Maie!"

Alimtikisa, lakini hakuamka.

Heino aliacha mlango wazi. Alimbeba mkewe mpaka nje, akaita gari la wagonjwa. Kisha akapiga magoti kwenye theluji, akimpapasa mashavu.

"Amka, Maie! Shika kifungo cha yeyote umtakaye, amka tu!"

Maie alivuta pumzi. Akafungua macho kidogo.

Alilazwa hospitali siku tatu. Siku ya pili Heino alimwita Rauno. Fundi alipanda juu ya paa na kuteremsha brashi yenye kamba na tufe la chuma. Katikati ya dohani ikakwama. Alisukuma, akavuta. Vikatoka vijiti, manyoya, na ndoo nzima ya masizi.

"Kiota cha kunguru," alisema Rauno. "Hiki ni cha tangu majira ya machipuko. Bwana Heino, uliniambia umefagia mpaka juu."

Heino alitazama viatu vyake. "Nilidanganya. Nilikuonea wivu. Kwa sababu ya kifungo."

"Kifungo!" Rauno aliketi kwenye ngazi, hajui acheke au alie. "Sikiliza, ndugu yangu. Dohani ikiziba, hewa ya sumu inabaki ndani. Haina rangi wala harufu. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, haamki tena."

"Kwa hiyo nifagie lini?"

"Kila mwaka, kabla ya baridi, kabla hujawasha moto wa kwanza. Kama unawasha jiko kila siku, fagia tena katikati ya baridi. Choma kuni kavu, maana kuni mbichi huongeza masizi. Na moshi ukirudi chumbani, au kichwa kikiuma ndani na kupona nje, usiseme ni upepo. Zima moto, fungua madirisha, toka nje, uniite. Halafu nunua king'ora kinacholia kikihisi hewa ya sumu, ukifunge chumbani."

Heino alikinunua siku hiyohiyo.

Septemba ilifika tena. Rauno alipoonekana barabarani, aliyekimbia wa kwanza alikuwa Heino. Alikishika kifungo kwa mikono miwili, akafumba macho.

"Kifungo kimoja, dakika ngapi?" aliita Maie kutoka mlangoni.

"Subiri zamu yako!"

"Sina haja tena. Nilichokuwa nakiomba miaka yote nimekipata."

Heino akageuka. "Kwani ulikuwa unaomba nini?"

"Uache wivu."

Heino alikiachia kifungo. Aliingia ndani, akakata keki ya matofaa. Kipande kikubwa alimpa fundi.