Kizingiti cha Chumba cha Transfoma

Arafa hakuwa na viatu vya mvua. Hakuwa na mama, aliyefariki Arafa akiwa darasa la pili. Tena hakuwa na sweta, na mwezi ule wa Julai baridi ya Mlima Meru ilikuwa imeteremka hadi mtaani kwao Daraja Mbili.

Kila mchana alimpelekea chakula baba yake, Shamsudin, fundi umeme wa kiwanda. Shamsudin alitunza chumba cha transfoma: sakafu safi, ndoo nne za mchanga, na mlangoni kizingiti kirefu cha saruji.

"Ndani ya transfoma mna mafuta," alimweleza binti yake. "Yakimwagika, kizingiti kinayazuia yasitoke. Na moto wa mafuta usiumwagie maji kamwe. Ni mchanga."

Mwaka ule kiwanda kiliuzwa kwa mtu binafsi. Meneja mpya, Bwana Sumari, akapangisha vyumba, hata hicho cha transfoma, kwa wauza mitumba.

"Fundi, chumba hiki unakitunza kama msikiti! Bado kutuvua viatu tu," alisema akicheka. "Vunja hicho kizingiti, mikokoteni ya marobota ipite."

"Bwana Sumari, hiyo ndiyo kinga yetu."

"Kinga ya nini? Miaka ishirini hakijamwagika hata kijiko. Siku hizi ni biashara huria, fundi."

Kizingiti kikavunjwa. Ndoo za mchanga zikatolewa, marobota yakapangwa hadi darini.

Jumatatu, baba akiwa kwenye mashine, muuzaji mmoja aitwaye Nasieku alimwita Arafa.

"Mdogo wangu, unatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Ingia uchague sweta."

Baba alikuwa amemkataza kuingia. Aliingia. Chini ya transfoma aliona mafuta yakidondoka, tone baada ya tone.

"Dada, mafuta hayo!"

Nasieku alitupa mashati chakavu juu ya mafuta. "Nguo zitanyonya. Ukimwambia baba yako tutafukuzwa, na mimi sina pengine pa kuweka mzigo. Chukua lile la bluu, unyamaze."

Arafa alilichukua. Akanyamaza.

Jumatano chumba kikashika moto. Nasieku alikuwa ndani. Yoeli, mlinzi wa lango, aliingia akamsukuma nje. Wafanyakazi walitafuta mchanga wakaukosa, wakamwaga maji. Mafuta yaliruka yakiwaka, yakatiririka kupitia mlango usio na kizingiti, yakamkuta Yoeli pale pale mlangoni. Shamsudin alimvuta kwa mikono yake miwili, nayo ikaungua. Yoeli alikufa siku ya tatu.

Bwana Sumari aliandika katika ripoti kwamba mlinzi alikuwa akivuta sigara humo ndani. Nasieku alirudi kwao bila kusema neno. Marehemu hajitetei.

Arafa aliposikia habari ya sigara, alishindwa kula. Alimwendea baba yake, aliyekuwa ameketi kitandani, mikono imefungwa bandeji.

"Baba, Yoeli hakuwasha moto. Mafuta yalivuja tangu Jumatatu. Niliyaona. Nilipewa sweta nisiseme."

Shamsudin hakumpigia kelele, na hilo lilimuumiza Arafa zaidi.

"Kesho utamwambia mkaguzi anayeshughulikia moto huu."

"Watanifunga?"

"Sijui. Lakini utasema."

Alisema, mbele ya mkaguzi na Bwana Sumari, huku akilia. Mkaguzi alikwenda kuchunguza, akakuta koki ya transfoma imelegea na chini yake mabaki ya nguo zilizolowa mafuta na kushika cheche ya umeme. Jina la Yoeli likasafishwa. Marobota yaliondolewa, kizingiti kikajengwa upya, na Bwana Sumari akaachishwa kazi.

"Sasa yamekwisha, baba?" Arafa aliuliza.

"Kwa kiwanda, yamekwisha. Sikiliza, mwanangu. Tone lile siku ya Jumatatu lilitaka koleo moja la mchanga na neno moja la kweli. Anayeona hatari akaificha, anaikuza. Mama Ruth, mjane wa Yoeli, yuko kijijini Nkoaranga. Watu wamemwambia mumewe aliunguza kiwanda. Mwandikie wewe mwenyewe."

Arafa aliandika hadi jua likashuka, akaeleza yote, na sweta pia. Bahasha haikuwa na gundi, akaibandika kwa ugali. Asubuhi aliipeleka posta, akaishikilia kidogo kwenye mdomo wa sanduku, kisha akaiachia.