Waya wa Kivuli cha Kamen

Ilikuwa Septemba, mwezi ambao kila ua wa kijiji hiki cha Bulgaria hunuka pilipili hoho za kuchomwa, na Zorka alikuwa anajenga ukuta wa kuimba. Cheka tu; majirani walicheka kabla yako. Siku za kazi alitengeneza meno bandia mjini, kazi ya heshima. Mwisho wa wiki alirudi kwenye nyumba ya marehemu babu yake, akavaa suruali yenye madoa na kulehemu waya, spika na vihisi vya mwanga mpaka vidole vikaungua. Hakuuza kitu. Aliwahi kuunda bakuli lililolia ukiliinamia, na mwavuli uliokohoa. Wanakijiji walisema amepungukiwa. Zorka aliwajibu kwamba yeye angalau anajua alichopungukiwa.

Ukuta ulikuwa wa mawe, katikati ya ua, umeelekea magharibi. Mtu akiusogelea alasiri, jua likiwa mgongoni, kivuli chake kingefunika vihisi vilivyofichwa ndani ya lipu, nao ungetoa sauti. Ili ajue vihisi vikae wapi, Zorka alimsimamisha mdogo wake, Kamen, mbele ya ukuta. Akanyoosha waya wa shaba kutoka kisiginoni mpaka mwisho wa kichwa cha kivuli, akaukata, akalehemu vihisi juu yake, kisha akauzika ukutani kwa lipu. Kamen alikuwa anakula tikiti wakati huo. Hakuna aliyewaza lolote.

Nao walikuwa wajukuu wa fundi mwashi! Babu yao hakuruhusu kamba ya kupimia iguse kivuli cha mtu penye ujenzi. Walipokuwa wadogo walimkejeli kwa hilo, wakirukaruka na kamba mkononi, naye akiwafukuza kwa fimbo. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Lipu ilipokauka, Zorka alisimama mbele ya ukuta. Ukaimba sauti nzito, tamu, mpaka akalia kwa furaha. Akamwita Kamen.

Kamen alisogea. Kimya. Akapunga mikono. Kimya.

"Hata ukuta unanidharau, dada," alisema, akajivutia koti. Siku hizo alivaa koti hata juani, na shingo yake ilikuwa imekonda.

Zorka alikagua betri. Akakagua waya. Kisha akatazama chini, kwenye miguu ya mdogo wake. Nyasi zilikuwa na jua tupu, bila kivuli.

Kesho yake Kamen hakuweza kuinuka kitandani. Zorka alichomoa betri, akaiweka mfukoni, akaingia ndani kumpelekea supu. Mchana kweupe, uani hakuna mtu, ukuta ukaanza kuimba. Kamen alipovuta pumzi, ulipanda. Alipoitoa, ulishuka.

Bibi Gana, jirani, alisikia akiwa anageuza pilipili zake. Alikuja mpaka ukingoni mwa ua, hakuingia.

"Ulimpima mdogo wako kwa kitu gani?" alinong'ona.

"Kwa waya."

"Na waya uko wapi?"

Zorka aligeuka kuutazama ukuta. Bibi Gana alifanya ishara ya msalaba.

"Umemjenga humo, mwanangu. Zamani mafundi walifanya hivyo kwa makusudi, ili daraja lisianguke. Aliyepimwa hakumaliza siku arobaini. Akishakufa, anabaki kuulinda ukuta."

"Basi naubomoa."

"Ukivunja ukuta unamvunja yeye. Ukuta hautoi mtu bure. Upe mwingine."

Wakati huohuo lango likalia. Msichana mgeni, mkoba mkubwa mgongoni, mmoja wa wale wapanda milima wanaopita kila mwaka, aliomba maji. Jua lilikuwa nyuma yake. Kivuli chake kilikuja kirefu juu ya nyasi, kikagusa kiatu cha Zorka.

Bibi Gana alitoa uzi mwekundu mfukoni mwa aproni. Alikuwa amekuja nao.

"Huyu hana wa kumuulizia hapa," alinong'ona. "Pima tu. Mimi sijaona."

Zorka aliutazama uzi. Alimpenda mdogo wake kuliko chochote duniani, na kwa muda mfupi mkono wake uliinuka. Aliogopa mkono huo kuliko ukuta. Akauteremsha, akamjazia msichana chupa, akamwambia aende haraka na asipumzike kijijini.

"Simkomboi wangu kwa mtoto wa mtu," alimwambia Bibi Gana. "Rudi kwenye pilipili zako, zinaungua."

Akamtoa Kamen kitandani, akamkalisha kitini uani, amefunikwa blanketi. Akachukua nyundo ya babu. Pigo la kwanza, jiwe likapasuka. Kamen akaguna, akashika ubavu. Zorka akashusha nyundo.

"Kamen, nikikuua?"

Ukuta ulijibu kabla yake. Kwa sauti ya Kamen, polepole, ukasema, "Acha, dada. Hapa pana joto."

Kamen alikuwa amefumba mdomo. Macho yake yalijaa machozi, kisha hasira.

"Huyo si mimi," alisema. "Piga. Nikifa nife mtu, sio jiwe."

"Liwalo na liwe," akasema Zorka.

Akapiga. Kamen akalia. Akapiga. Ukuta ukalia. Jiwe likaanguka. Lipu ikadondoka. Spika zikapasuka. Waya ukaonekana, unang'aa, una joto la mwili. Akaushika kwa mikono miwili, akavuta. Ulimkata viganja. Hakuachia.

Ukatoka. Kimya kikaingia uani.

Kamen alivuta pumzi ndefu, akaomba mkate. Miguuni pake, juu ya nyasi, kilikuwepo kivuli chembamba kinachotetemeka, nacho kikaendelea kunenepa mpaka jua likazama.

Mawe yalihamishwa, waya ukayeyushwa, kazi ya mwaka mzima ikawa kifusi. Kamen sasa anabeba magunia ya viazi na anamtania dada yake kama zamani.

Lakini nenda pale alasiri yoyote yenye jua. Ukuta haupo. Kivuli chake kipo, kimelala juu ya nyasi, kirefu, kimenyooka kama siku ukuta ulipojengwa. Bibi Gana alimsihi Zorka auhame ua. Zorka alileta meza, akaiweka katikati ya kivuli hicho, na ndipo anapolehemu kila mwisho wa wiki, koti mwilini kwa ubaridi wa pale, bila kukiogopa.

Kuku wa Bibi Gana hufika ukingoni mwa kivuli, husimama, kisha huzunguka.